Eluned Atafuta Mbwa wa Ndani

Eluned Pritchard ameishi na mbwa tangu azaliwe, lakini hadi anafikisha miaka sabini hakuna hata mmoja aliyewahi kulala ndani ya nyumba yake. Ndivyo tulivyo katika bonde letu hili la Wales. Mbwa ni wa kondoo. Analala ghalani juu ya majani makavu, anapewa chakula kondoo wakishafungiwa, na akizeeka anakaa mlangoni mwa ghala kuwatazama wenzake wakipanda mlima. Mtu akionekana kambeba mbwa mikononi, watu humuuliza kama mbwa kavunjika mguu.

Mumewe, Gwilym, alikuwa mtu mwema, mwimbaji mzuri kanisani, mkimya nyumbani. Ila kwa jambo la mbwa hakuwa na mjadala. Mwaka mmoja theluji ilipofika madirishani, Eluned alimwingiza jikoni mbwa jike mzee aliyeitwa Nel, akamlaza karibu na moto. Gwilym aliporudi alisimama akamwangalia yule mbwa kwa muda. Kisha akaenda kutafuta magunia, akamfunika vizuri, akambeba taratibu kama anavyobebwa mtoto aliyelala, akamrudisha ghalani. Hakugomba. Eluned naye hakugomba. Aliendelea kumenya viazi.

Gwilym alipofariki, Eluned alimwachia mwanawe Huw na mkewe Lowri shamba na nyumba kubwa, akahamia nyumba ndogo kando ya barabara, ukuta kwa ukuta na yangu. Mwanzoni nilimsikia akiimba akiosha vyombo. Baadaye sikumsikia tena. Siku moja aliniambia kutoka ng'ambo ya ua wetu, akiwa ameshika kamba ya nguo, "Unajua, siku hizi nasikia friji ikinguruma. Sikuwahi kujua kwamba friji inanguruma."

Jumapili iliyofuata, kwenye chakula cha mchana kwa Huw, akaweka uma wake chini na kusema, "Nataka mbwa."

"Ala, hilo tu?" akasema Idwal. Huyu Idwal ni mdogo wake Gwilym, mjane, bingwa wa mashindano ya mbwa wa kuchunga enzi zake, na mpaka leo anaamini hakuna kiumbe chenye akili kama mbwa wake isipokuwa labda yeye mwenyewe. "Moss wangu atazaa masika. Nitakupa mmoja bure."

"Sitaki wa kuchunga, shemeji. Nataka Labrador. Wa ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ndani. Kwenye zulia."

Kiazi kilimpalia Idwal, Huw akampiga mgongoni. Alipopata pumzi alisema, "Shemeji, Labrador si mbwa. Labrador ni tumbo lenye mkia."

Lowri alicheka, lakini Huw hakucheka. Alisema tu, "Baba angesema nini?" na watu wakarudi kwenye nyama zao.

Kwa nini Labrador? Niliwahi kumuuliza, na jibu lake lilikuwa fupi. Zamani sana, katika maonyesho ya kilimo, katikati ya matrekta na spika na fahali waliokuwa wakiburutana na wenyewe, alimwona Labrador mweusi amelala juu ya miguu ya bwana mmoja aliyekuwa anakula aiskrimu. Amelala fofofo, kana kwamba maonyesho yale yaliandaliwa kwa ajili ya watu wengine. Basi. Tamaa ilimwingia siku hiyo na haikutoka.

Eluned haendeshi gari kwenye njia za milimani, kwa hiyo ilibidi Idwal ampeleke. "Nitakupeleka," alisema, "lakini mimi sisemi neno." Akasema njia nzima.

Mtu wa kwanza walimpata kwa tangazo. Alikuwa na eneo nje ya mji, geti la chuma limefungwa kwa mnyororo, na nyuma yake mabanda marefu ya mabati. Hakuwakaribisha ndani. Aliwatolea mtoto wa mbwa hapo hapo getini, amemshika kwapani kama mkate. Mtoto yule wa manjano alikuwa ametoka kuoshwa, ananukia sabuni ya maua, na anatetemeka.

"Mama yake yuko wapi?" Eluned akauliza.

"Ametoka kutembea."

"Basi tutamsubiri."

"Aa, mama, haina haja. Yule hapendi wageni, anang'ata."

"Labrador anang'ata wageni?" akasema Idwal. "Na hao wanaobweka huko nyuma, nao wametoka kutembea?"

Yule mtu akatabasamu upande mmoja. "Mzee, ukitaka wa kahawia ninaye. Ukitaka mweusi ninaye. Nyinyi semeni rangi."

Eluned alikuwa ameshamchukua yule mtoto mikononi. Alikuwa mwepesi kuliko alivyoonekana, na alijaribu kuingia ndani ya koti lake. Eluned akamgeukia Idwal, macho yamejaa machozi.

"Najua," Idwal akasema kwa sauti ya chini. "Najua, shemeji. Lakini ukimchukua huyu, kesho atamtoa mwingine kwenye banda asimame hapa hapa. Hapo utakuwa umemnunulia chakula mwenye banda."

Eluned akamrudisha. Ndani ya gari alilia, na Idwal, ambaye hajui la kufanya mwanamke akilia, alimpa peremende za mnanaa moja baada ya nyingine mpaka akawa hawezi kulia kwa sababu mdomo umejaa. Kisha Idwal alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, akawapigia simu watu wa ustawi wa wanyama, akawaeleza geti, mnyororo na mabanda, na jinsi ya kufika. Nasikia walikwenda.

Wa pili alipatikana kwa njia ya daktari wa mifugo. Aliitwa Bi Hester Corfield, ng'ambo ya mpaka, upande wa Waingereza, kwenye nyumba ya matofali mekundu yenye mabuti ya matope yaliyopangwa mlangoni kama askari waliochoka. Mwanamke mrefu, sweta limetoboka viwiko. Jikoni kwake kulikuwa na mbwa chini ya meza, mbwa kwenye kochi, na mbwa mmoja mzee aliyelala njia ya kupita, ambaye watu wote walimruka bila kumsumbua. Eluned alipoona hilo, aliniambia baadaye, alitamani jikoni kwake kuwe hivyo.

Lakini Bi Corfield hakuwaonyesha watoto. Aliwaonyesha mama kwanza, jike jeusi aliyeitwa Tansy, aliyewanusa, akaegemea goti la Idwal na kubaki hapo. Kisha akamimina chai na kuanza maswali. Ua wa nyumba una urefu gani? Ngazi ziko ngapi? Anatoka kwa muda gani kwa siku? Mbwa atalala wapi?

"Jikoni," akasema Eluned.

Idwal akakohoa. Kisha akamwambia shemejiye kwa Kiwelshi, akidhani yuko salama, "Huyu mama anajiona jaji."

"Jaji hawapi watu chai," akajibu Bi Corfield kwa Kiwelshi hicho hicho. "Bibi yangu alitoka bonde la pili kutoka kwenu. Endelea kunywa."

Idwal alikunywa mpaka akaona kitako cha kikombe.

"Una miaka mingapi, Bi Pritchard?" akaendelea yule mama.

"Sabini na moja."

"Labrador akitunzwa anafika kumi na miwili, hata kumi na minne. Ukiugua, nani atamchukua? Ukifa?"

Sasa hapo pana jambo la kueleweka. Eluned ni mwanamke aliyelea wanakondoo yatima kwa chupa kando ya jiko lake kila masika tangu aolewe. Amewahi kutoa ndama kwa mkono wake gizani na mvua inanyesha. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kama anafaa kuwa na mnyama. Alisimama, akafunga vifungo vya koti lake mpaka cha juu.

"Asante kwa chai," akasema, akatoka bila kuwaona watoto.

Idwal alinyamaza mpaka walipovuka mto. Kwake hiyo ni kama mtu mwingine kunyamaza mwaka. Kisha akasema, "Mimi siwezi kumpa mtu mbwa wa kuchunga bila kumuuliza hayo hayo."

"Kumbe uko upande wake!"

"Niko upande wa mbwa."

Hawakusemeshana mpaka nyumbani.

Wiki iliyofuata Eluned aliamua kwenda bila ushauri wa daktari wala wa Idwal, ingawa bado ilibidi Idwal aendeshe. Alikuwa amesikia dukani kwamba kuna vijana, mume na mke, katika ule mji wa machimbo ya mawe, wana watoto wa Labrador. Walikuwa watu wazuri mno. Mke alimkumbatia mlangoni. Vitoto saba vya manjano vilikuwa sebuleni, vinapanda juu ya kila kitu, mama yao anawatazama kwa uchovu wa furaha. Idwal mwenyewe aliinama akamkuna mmoja tumbo, halafu akajifanya alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Eluned akakaa kwenye kochi na kimoja mapajani. Kilikuwa kinono, kinapumua harufu ya maziwa. Kila kitu kilikuwa sawa. Akasikia mdomo wake mwenyewe ukiuliza, "Baba yao yuko wapi?"

"Ni wa mtaa wa pili," akasema mume. "Aliruka ua, ndiyo hivyo tena." Akacheka.

"Nyonga zao zimepigwa picha ya eksirei? Yeye na mama?"

"Nyonga?"

"Daktari wa mifugo aliniambia Labrador huumwa nyonga. Na macho. Wazazi wakiwa nazo mbovu, watoto hurithi."

Mke na mume wakatazamana. "Kwa kweli hatukujua," mke akasema kwa unyonge. "Hakuna aliyewahi kutuuliza. Lakini mama, kama umempenda, mchukue tu. Mchukue sasa hivi."

Walikuwa hawajamuuliza hata jina. Hawakujua anaishi wapi wala na nani. Angekuwa ni yule mtu wa getini amevaa sketi wangempa vile vile, na kumkumbatia pia. Eluned alimrudisha mtoto yule kwa mama yake taratibu, akawaandikia kwenye bahasha jina la daktari wa mifugo, akawaaga kwa upole. Kwenye gari Idwal alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Sema," akasema Eluned.

"Mimi? Mimi sisemi neno."

"Yule mama mwenye sweta la matundu alikuwa sahihi. Haya, nimesema mimi."

Lakini kusema ni rahisi. Swali la Bi Corfield lilikuwa palepale: nani atamchukua? Idwal alijitolea siku hiyo hiyo, na Eluned akamkumbusha kwamba yeye ana miaka sabini na minne na kifua chake kinapiga filimbi. Huw asingekubali, yule ni baba yake mtupu. Akabaki Lowri.

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Eluned na mkwewe hawakuwahi kukosana, lakini hawakuwahi kukaribiana pia. Lowri alitoka mjini, alikuja na magauni mepesi na mito ya rangi, na Eluned alijitahidi sana asimwambie lolote, akajitahidi mpaka wakawa hawana la kuambiana. Walipeana keki wakati wa sikukuu na kuulizana habari za mafua. Kumwomba jambo lilikuwa kama kumwomba mgeni.

Alikwenda siku ya Huw kuwa mnadani. Alimkuta Lowri anaanika nguo, akaanza kumsaidia kwa sababu mikono yake haikujua pa kukaa. Walianika shuka zote kwanza. Kisha akamweleza yote: geti, chai, swali. "Sikuombi umtunze sasa," akasema. "Nauliza tu kama siku moja nikiwa sipo, au sijiwezi. Ukikataa nitaelewa, mwanangu."

Lowri aliweka kikapu chini. Eluned akaona mabega yake yanatikisika, akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mama," akasema, "mimi namwomba Huw mbwa wa ndani tangu tuoane. Ananiambia, 'Mama alikaa miaka yote hakuhitaji, wewe una nini?' Kila mwaka! Mimi nikawa nakuona wewe ndiye kikwazo!"

"Mimi?"

"Wewe! Nikija kwako baada ya kumpakata Moss wa Idwal, nilikuwa nakung'uta manyoya yake kwenye sketi nje ya mlango."

Eluned alikaa juu ya ukuta wa mawe, na wote wawili wakacheka mpaka kondoo wakainua vichwa. Alimweleza habari za Nel na magunia, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Lowri akaacha kucheka, akamshika mkono. Nguo zilizobaki zilianikwa jioni.

Eluned alipopiga simu, Bi Corfield alisema, "Niliogopa hutarudi. Mume wangu marehemu alikuwa akiniambia nina ulimi wa msumeno."

"Unao," akasema Eluned. "Nakuja, nina jibu la swali lako."

Walikwenda watatu: Eluned, Lowri, na Idwal ambaye safari hii hakuhitajika kabisa, maana Lowri aliendesha, lakini alikuwa ameshakaa kiti cha mbele kabla hawajatoka. Bi Corfield alimuuliza Lowri maswali yake yote, akaridhika, kisha akaongeza sharti lake: "Na kama nyote mkishindwa, anarudi hapa. Saa yoyote, umri wowote. Mbwa aliyezaliwa jikoni kwangu haendi kwa mtu nisiyemjua." Ndipo akafungua mlango wa chumba cha nyuma.

Walikuwa weusi wote, kila mmoja na utepe wa rangi yake shingoni. Idwal akaingia kazini mara moja. Alipiga makofi, akaangusha funguo, akaburuta leso sakafuni kama anajaribu wa kuchunga. Dume la utepe wa bluu likarukia leso, likafungua kamba ya kiatu chake, likabweka kudai kingine.

"Huyu!" akasema Idwal. "Huyu ana akili."

"Anayo kuzidi mahitaji ya Bi Pritchard," akasema Bi Corfield. "Huyo anakwenda kwa mwindaji, akakimbie kwenye mvua. Ukimweka sebuleni atafungua makabati. Mimi nilimfikiria huyu wa kijani." Akamnyanyua jike mmoja laini, mzito, aliyefungua jicho moja na kulifumba.

"Huyo ni mto wa kulalia," akasema Idwal.

"Huyo ni mtulivu."

"Mto nao ni mtulivu."

"Mnanichagulia kama mnaniozesha," akasema Eluned. "Hebu niacheni."

Akashuka sakafuni. Kushuka kwake ni kazi, kunyanyuka ni kazi nyingine, lakini alishuka, akaegemeza mgongo ukutani na kunyoosha miguu. Akampakata wa kijani. Alikuwa mtamu kweli, joto kama chupa ya maji ya moto. Lakini Eluned aliniambia alichowaza: utulivu ninao nyumbani, nimeshiba nao. Akamweka chini.

Chai ilipoa. Lowri akakaa naye sakafuni. Watoto walicheza, wakapigana, wakakojoa kwenye gazeti na nje ya gazeti. Ndipo Bi Corfield, akipita na sufuria la chakula cha mbwa wakubwa, akalidondosha kwenye sakafu ya mawe. Kelele ilikuwa kubwa mno. Wa bluu alilikimbilia sufuria. Wa kijani alilala vilevile. Jike mmoja wa utepe mwekundu, ambaye hakuna aliyekuwa amemtaja, alikimbilia nyuma ya sanduku mkia katikati ya miguu.

Wote wakacheka na kumsahau. Eluned hakumsahau. Aliona pua ikichungulia, kisha kichwa. Halafu akatoka peke yake, tumbo likigusa sakafu, hatua moja, akasimama, hatua nyingine, mpaka akalifikia sufuria. Akalinusa pande zote. Akalilamba. Kisha akageuka akatazama chumba kizima kama mtu anayetaka kujua nani alileta kitu hiki.

"Nataka huyu," akasema Eluned.

"Huyo ni mwoga," akasema Idwal.

"Aliogopa, akarudi. Hakusukumwa na mtu."

Bi Corfield alimwangalia yule mtoto, kisha Eluned, akakuna kiwiko chake kupitia tundu la sweta. "Sikumwona alivyorudi," akasema. "Nilikuwa naokota nyama. Sawa. Ni wako."

Walimchukua alipotimiza wiki nane. Jina lake ni Cadi. Usiku wa kwanza alilia, na kupitia ukuta nilimsikia Eluned akimwimbia nyimbo za kanisani, sauti ya pili, ile ambayo zamani aliimba chini ya sauti ya Gwilym. Cadi ameshakula kitabu cha nyimbo tangu wakati huo, na slipa, na sehemu ya kiti changu cha bustani ambacho nimesamehe. Lowri huja kila Jumatano wakampeleka wote wawili kwenye mafunzo ya mbwa ukumbini, ambako Cadi anaongoza kwa kukaa akiambiwa, mradi kuna jibini. Huw alishika msimamo wake mpaka Krismasi. Siku hizi akipita kuleta kuni husimama mlangoni na kusema hana muda, halafu gari lake linabaki nje mpaka giza linaingia.

Bi Corfield hupiga simu mara kwa mara. "Mnene?"

"Kidogo tu."

"Mpunguzie."

"Hilo mwambie Idwal," husema Eluned, na ni kweli, kwani vipande vya soseji vinatoka mfukoni mwa Idwal, yule asiyemwita Cadi jina lake hadharani. Anamwita "tumbo." "Haya, tumbo, sogea nikae."

Asubuhi ninapofungua pazia huwaona wakipanda njia ya nyuma ya kanisa, mvua au jua. Cadi yuko mbele, anavuta. Eluned yuko nyuma na kofia yake ya plastiki, anamwita kwa Kiwelshi asimame, na mbwa, ambaye bila shaka amesikia vizuri, anaendelea kwenda.